Kikapu cha Msiba cha Bibi Ersilia

Watu wakikuambia bibi yangu Ersilia alikuwa mkarimu, waitikie tu, maana wanasema kweli. Siku ya maziko yake kanisa lilijaa hadi wengine wakasimama nje mvuani: Waitaliano, Wabelgiji, Wapolandi, Wamoroko wa mtaa wa chini, kila mmoja na sahani yake ya kukumbuka. Padri akasema hakuna mlango mtaani petu ambao mama huyu hakuufungua kwa chakula. Mimi niliyekaa benchi la mbele nikauma midomo. Mlango mmoja ulikuwepo, Padri. Ulikuwa ukuta kwa ukuta na wetu, na Bibi aliugonga zaidi ya miaka hamsini. Wazee wote mle kanisani walilijua hilo, na wote wakawa wanatazama viatu vyao. Basi nitasema mimi, Ornella, maana mdomo ninao. Bibi mwenyewe alikuwa akiniambia mdomo huu utanikosesha mume, na umenikosesha wawili.

Alitoka kijiji cha milimani huko Abruzzo, Italia, mwaka wa arobaini na nane, akimfuata Babu Panfilo aliyetangulia kuja kuchimba makaa ya mawe huku Ubelgiji, karibu na Charleroi. Babu alikuwa amemwandikia kwamba nyumba imepatikana. Nyumba! Yalikuwa mabanda ya mabati walimofungiwa mateka wakati wa vita. Wakati wa baridi bati lilitoa jasho kwa ndani, na jasho lile likaganda juu ya blanketi. Bibi akaingia na sanduku lake lililofungwa kamba, akatazama huku na huku, akauliza, "Panfilo, nguruwe wenyewe wamehamia wapi?"

Babu akacheka. Bibi akalia kidogo, akajifuta, akawasha jiko. Jioni ile alisonga ugali wa mahindi, akaumwaga juu ya ubao kama kwao, akamimina rojo la nyanya juu yake, na kabla haujapoa wanaume wa banda zima wasio na wake walikuwa wameuzunguka, kila mmoja na kijiko chake. Majina yao alikuwa hayajui. Babu akamnong'oneza, "Mke wangu, kesho tutakula nini?"

"Kesho tutaijua kesho," akasema. "Sogea, huyu kaka hajapata nafasi."

Ndivyo alivyoishi. Hakuwa mtu wa maneno matamu, msinielewe vibaya. Alikuwa anakutukana huku anakupakulia. "Umekonda kama ufagio, mama yako akikuona atasema tumekuuza, kula!" Mtu akisema ameshiba, alichukulia kama matusi.

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, nao walikuwa zaidi ya ndugu. Concezia, mke wa Fioravante. Walizaliwa kijiji kimoja, wakachota maji chemchemi moja, wakaja kwa treni moja, na pale mabandani walikaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa blanketi. Bibi alijifungua mama yangu mikononi mwa Concezia. Concezia mwenyewe hakujaliwa mtoto, na mama yangu alilala kwa huyu au kwa yule bila mtu kuuliza. Mgodi ulipokuja kuwapa nyumba za matofali, waliomba nyumba zinazopakana, wakapewa. Babu alikuwa akisema yeye na Fioravante wameoa mwanamke mmoja mwenye vichwa viwili.

Sasa sikilizeni jambo la kikapu, maana ndilo lililowavunja.

Kwao, mtu akifa, jiko la nyumba yake linazimwa. Kioo kinafunikwa, madirisha yanafungwa, na mjane hatoki nje mpaka siku ya mazishi. Hapiki, hafagii. Jirani wa karibu ndiye anayeleta chakula, ndani ya kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, na lazima kifike kabla jua la siku ile halijazama. Jirani akichelewa, ameikosea heshima maiti na amewakosea walio hai. Na mfiwa lazima ale. Asipokula, amemkataa jirani yake.

Huko kijijini kikapu kilitoka kwa nadra, mzee wa watu akichoka kuishi. Huku Ubelgiji mgodi ulikitoa kikapu kila mara. Paa la mwamba linaporomoka, kamba inakatika, gesi inalipuka, na wengi wa wafu walikuwa vijana ambao ndugu zao wako mbali. Bibi akajitwika kazi hiyo bila kutumwa na mtu. Awe Mwabruzzo, awe Msisilia, hata Mpolandi ambaye hakuijua mila hiyo, aliyefiwa alimwona Ersilia mlangoni na kikapu kichwani. Ilifika mahali wanawake wakimwona anakuja barabarani na kikapu kilichofunikwa kitambaa cheupe, wanashika kifua mpaka apite.

Novemba ya mwaka wa hamsini na saba moto uliwaka chini ya mgodi. Fioravante alikuwa huko. Babu alikuwa zamu nyingine, akaingia na waokoaji. Concezia alikwenda getini pamoja na wanawake wenzake, wakasimama mvuani usiku wote, na walinzi hawakuwaambia kitu. Bibi hakwenda, kwa sababu mama yangu alikuwa anaumwa surua, homa imempanda.

Asubuhi akapita Nunzio, mtu wa kijiji chao, ametolewa chini nywele zimeungua upande mmoja. Bibi akamkimbilia na maji.

"Fioravante?" akauliza.

"Amekwisha, Ersilia. Nimemwona kwa macho yangu. Mwamba uko kifuani."

Bibi hakuuliza mara ya pili. Hakwenda getini kusubiri majina yasomwe. Alimchinja sungura aliyekuwa anamfuga kwa ajili ya Krismasi, akakanda unga, akakata tambi, akapika huku machozi yanamwingia mdomoni. Kisha akakifunika kikapu akatoka.

Concezia alikuwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani kubadilisha shali iliyolowa. Alitaka kurudi getini saa ile ile. Alifungua mlango ili atoke, akamkuta Bibi amesimama na kikapu. Alikitazama kikapu kwa muda mrefu.

"Nani kakwambia?"

"Nunzio."

"Kamwona?"

"Kamwona, dada yangu."

Concezia akakaa chini pale pale sakafuni. Bibi akamwinua, akamvua viatu vilivyojaa maji, akamkausha miguu. Akazima jiko, akafunika kioo, akafunga madirisha, mambo yote kama inavyotakiwa. Akamwekea sahani mezani. Concezia akasema hawezi. Bibi akamwambia, "Utaweza. Ni lazima ule." Akamshikisha uma. Concezia akala.

Na saa ile ile wanamtoa Fioravante hai.

Babu Panfilo ndiye aliyekuwa ameshika upande mmoja wa machela. Kifua kilikuwa kimepondeka, lakini macho yanaona na mdomo unasema. Wakamlaza chini ya paa la karakana, karibu kabisa na geti, na daktari akatikisa kichwa akaenda kwa wengine. Fioravante akamshika Babu mkono. "Concezia yuko wapi? Mwite Concezia."

Babu akapiga kelele kwa wanawake, "Concezia! Mwiteni Concezia, haraka!" Wanawake wakageuka wakitafutana. "Alikuwa hapa!" "Yuko nyuma huko!" Wakaita mstari mzima, jina likaenda mpaka mwisho likarudi. Fioravante alisikia wanavyoita, akatulia, akijua anakuja. Halafu akauliza tena. Na tena. Babu alitaka kukimbia mwenyewe lakini mkono haukumwachia. Mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka mtaani akasema, "Concezia mbona yuko ndani, ana msiba?"

"Msiba wa nani?" Babu akauliza.

Yule mwanamke akamtazama aliyelala kwenye machela, akaziba mdomo.

Walimkimbilia. Alikuja mtaa mzima miguu mitupu kwenye matope ya Novemba, na Bibi nyuma yake. Alipofika, Fioravante alikuwa bado ameushika mkono wa Babu, ila ni Babu aliyekuwa anashikilia sasa. Alikuwa amekata roho, mwili bado wa moto. Babu aliniambia hayo mwenyewe mara moja tu, amelewa, na hakuyarudia tena.

Concezia hakupiga yowe. Alimfumba mumewe macho, akamwangalia, akafuta vumbi la makaa kwenye nyusi zake. Kisha akainua vidole vyake mwenyewe puani. Vilikuwa vinanuka mchuzi. Akageuka, akamwambia Bibi mbele ya watu wote:

"Alikuwa ananiita. Na wewe ulikuwa unaniambia nile."

Nunzio alirudi Italia kabla ya Krismasi, na hakuna aliyemlaumu, eti maskini ameungua kichwa. Kila mtu alimwonea huruma Nunzio! Mimi hadi leo nikisikia jina hilo natamani kutema mate. Lakini Bibi hakuwahi hata siku moja kusema ni Nunzio. Ukimwambia, "Si alikwambia kamwona?" alijibu, "Yeye alisema. Mwenye kikapu nilikuwa mimi."

Toka siku hiyo Concezia hakumsemesha. Hakuhama pia. Wengine walisema ni kwa sababu hana pa kwenda, mimi nasema alibaki makusudi. Na Bibi akawa na haja moja tu duniani, akaibeba mpaka uzee: Concezia ale chakula cha mkono wake, hata tonge moja, akiwa amemsamehe. Kila Jumapili aliweka sahani iliyofunikwa juu ya ukuta uliogawa nyua zetu mbili. Kila Jumatatu sahani ilikuwa pale pale.

Vile vyakula viliwanenepesha njiwa wa mzee Achille, Mbelgiji wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akiwashindanisha kuruka kila msimu, wakiachiwa Ufaransa warudi nyumbani. Siku moja alikuja kulalamika, kofia mkononi. "Mama Ersilia, nakuomba, njiwa wangu hawaruki tena! Wametoka Ufaransa kwa miguu!"

Mtaa mzima ulicheka. Bibi naye alicheka. Kisha akaingia ndani, na Jumapili iliyofuata sahani ikawa ukutani.

"Unawalisha ndege, mke wangu," Babu alimwambia. "Ungekwenda ukamwomba msamaha kwa mdomo."

"Nilikwenda. Alinifungia mlango."

"Rudi tena."

"Nimerudi tena, Panfilo. Wewe unafikiri nafanya nini na hizi sahani?"

Babu alikufa mwaka wa sabini na nne, vumbi la makaa limemjaa kwenye mapafu, akikohoa vitu vyeusi mpaka dakika ya mwisho. Nilikuwa mtoto mkubwa wa kutosha kukumbuka. Jiko likazimwa. Vikapu vilikuja, Mungu wangu, vilikuja mpaka vikawekwa kitandani kwa kukosa nafasi. Bibi alikaa kwenye kiti karibu na dirisha la uani, hagusi kitu. Mama akamwambia, "Mama, mfiwa lazima ale."

"Jirani wa karibu hajaleta," Bibi akasema. "Jua bado lipo."

Tukangoja. Tulimsikia Concezia upande wa pili wa ukuta, anasogeza kiti, anafungua bomba. Jua likashuka nyuma ya kilima cha taka za mgodi. Bibi akavuta sahani ya kwanza iliyokuwa karibu, akala bila kutazama ni ya nani.

Mimi sikuzaliwa na moyo wa namna hiyo. Nilipokuwa msichana wa miaka ishirini nilipanda juu ya ukuta siku ya Jumapili, nikamkuta Concezia anaanika nguo, nyeusi zote, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Bibi Concezia, unamuua bibi yangu kidogo kidogo, unajua? Hata hakimu ana siku anamwachia mtu."

Hakukasirika. Alibana shuka kwenye kamba taratibu. "Binti," akasema, "umewahi kuitwa na mtu wako kwa mara ya mwisho, usiitike?"

Nikashuka. Mimi, Ornella, nikashuka!

Mgodi ulifungwa, watoto wa mtaa wakaenda zao mijini, wazee wakapungua. Bibi akazidi miaka tisini, fimbo mkononi, na bado akipika sufuria la watu kumi wakati nyumbani tuko wawili. Zamani alimlisha Mpolandi mjane, kisha akawalisha Wamoroko waliohamia, akajifunza kutotia nyama ya nguruwe bila kuambiwa. Na sahani ya Jumapili nilikuwa naiweka mimi ukutani, kwa sababu mikono yake ilikuwa haifiki tena.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja Concezia akaanguka kitandani. Alikataa kupelekwa hospitali. Muuguzi alikuja asubuhi na jioni, na siku moja akaacha mlango wazi akitoa taka. Bibi alikuwa dirishani. "Mke mwenzangu," akaniambia, ndivyo alivyonitania tangu utotoni, ila siku hiyo hakutabasamu, "chukua bakuli la supu. Nishike mkono."

Tuliingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu siku ile. Concezia alikuwa amebaki mdogo sana ndani ya mashuka. Alitutazama, akamtambua.

"Umekuja na chakula," akasema. "Safari hii mimi bado niko hai. Unajua kuwahi, wewe."

Bibi akaketi ukingoni mwa kitanda. Akachota supu kwa kijiko. "Dada. Kijiko kimoja. Halafu nitakwenda zangu."

"Nilikula chako siku ile."

"Najua."

"Hujui. Kilikuwa kitamu, Ersilia. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nilijaza sahani ya pili mwenyewe, wewe hukuona, ulikuwa unafunga dirisha la juu. Yeye ananiita na mimi nachovya mkate kwenye mchuzi." Akafumba macho. "Kila Jumapili ulikuwa unanitia harufu ile ile puani. Nilikuwa nafunga madirisha, hata kiangazi."

Bibi alishusha kijiko. Miaka yote ile, jamani. Sahani zote zile. Nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake.

"Ungeniambia niache," akasema polepole.

"Ningekuambiaje, wakati nilikuwa sikusemeshi?"

Hakula. Bibi aliondoka na supu ikiwa bakulini. Siku mbili hazikupita, muuguzi akaja kutugongea: Concezia amekata roho.

Asubuhi hiyo Bibi alizima jiko letu mwenyewe, akafunga gesi. Akavaa nguo nyeusi. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema, "Nyumbani kwa Concezia. Wewe nenda kwa rafiki yako ukapike, uniletee kule kabla jua halijazama."

"Bibi, kule hakuna mfiwa. Hana mtoto, hana ndugu. Nyumba tupu."

"Mimi nipo."

Nilipika kama alivyonifundisha, tambi za kukata na mchuzi wa sungura, kwa sababu hakunitajia kingine na mimi sikuthubutu kuchagua kingine. Nilikifunika kikapu kitambaa cheupe. Nilimkuta jikoni kwa Concezia, kioo kimefunikwa, madirisha yamefungwa, maiti chumba cha pili. Nikampakulia. Akashika uma, akazungusha tambi, akaufikisha mdomoni, akaushusha.

"Bibi," nikamwambia. Sikuweza kujizuia, mdomo wangu huu. "Siku ile, kwa nini hukwenda kwanza getini ukauliza? Watu wote walisubiri. Kwa nini wewe?"

Alikuwa hajaulizwa hivyo na mtu yeyote, nadhani. Alitazama sahani.

"Alikuwa amesimama mvuani toka jana yake," akasema. "Nilijua ana njaa. Hakuwahi kuvumilia njaa, Concezia, toka utoto, anatetemeka mikono. Nikawaza, kafiwa na ana njaa. Ndiyo maana nikaharakisha."

"Na hukumwambia? Miaka yote hii?"

"Nimwambieje? Kwamba nilimwonea huruma?" Akaweka uma chini. "Nilijua ana njaa, Ornella. Mungu wangu, hicho tu ndicho nilichokijua."

Nikasema lile linalosemwa siku zote. "Kula, Bibi. Ni lazima ule."

Akaisukuma sahani mpaka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti cha Concezia, na hakula.